Viganja Vinavyolowa Kiangazi
Mhadhara kwa wanafunzi wa udaktari na uuguzi, Dodoma

Mbukwa, ndugu zangu!

Mnaujua upepo wetu wa mwezi wa saba, unaokausha midomo mpaka inapasuka. Kipindi hichohicho alinijia binti mmoja, leso kaikunja kiganjani, imelowa jasho chepechepe. "Daktari, karatasi ya mtihani imetoboka chini ya mkono wangu." Hata kusajili laini ya simu ilikuwa kazi: kila akiweka kidole, mashine inakataa kusoma.

Nyumbani walimwambia ni woga. Si woga, wala si jini. Tezi za jasho hupokea amri kutoka kwenye neva zinazopita ndani ya kifua, kandokando ya uti wa mgongo. Kwake amri hiyo inatoka hata kukiwa na baridi. Akilala, viganja vinakauka. Hali hii mara nyingi huanza utotoni au wakati wa balehe, na ukidodosa utasikia shangazi naye yuko hivyohivyo.

Upasuaji upo. Mgonjwa hupewa nusukaputi, kamera nyembamba hupitishwa karibu na kwapa, neva hukatwa au kubanwa usawa wa ubavu wa 3 au wa 4. Wengi mno huamka viganja vikiwa vikavu.

Hapa naomba mnisikilize sana. Jasho linaweza kuhamia mgongoni, tumboni na mapajani. Kwa wengi linavumilika. Kwa wachache linalowesha shati zima, na neva iliyokatwa hairudi. Kope nayo inaweza kulegea. Mgonjwa asiyeambiwa haya kabla ya kusaini fomu, kwangu mimi amedhulumiwa.

Kwa hiyo tunaanza na dawa ya alumini ya kupaka usiku, mikono kwenye beseni la maji yanayopitishwa umeme hafifu, au sindano ya botulinamu, dawa inayozuia amri ya neva isifike kwenye tezi, ambayo nguvu yake hudumu miezi 6 hivi.

Na tuulize maisha yake yakoje. Mwaka 1994 Finlay na Khan, watafiti wa magonjwa ya ngozi wa Cardiff, Uingereza, walitoa dodoso la maswali 10 tu, alama 0 hadi 30: nguo unazovaa, kazi, masomo, ndugu na marafiki. Lijazeni kabla ya tiba, mlirudie baadaye.

Nilipomuuliza binti yule, hakutaja mtihani tena. Alisema anasomea ualimu, na chaki inageuka uji mkononi mwake mbele ya darasa. Nikamweleza yote, pamoja na lile jasho la mgongoni. Alinyamaza kitambo, akaikamua leso, akasema, "Tuanze na beseni."