Kumpima Mgonjwa wa Kiharusi Anavyotembea: Kazi ya Vihisi vya Kuvaa

Ndugu wasikilizaji, kipimo tunachokitegemea sana katika kufuatilia mwendo wa mtu aliyepata kiharusi ni kile cha mita 10: mgonjwa anatembea, nasi tumeshika saa. Anayetumia sekunde 25 ana kasi ya mita 0.4 kwa sekunde, na kwa mgawanyo uliotolewa na Jacquelin Perry na wenzake mwaka 1995, walio chini ya hapo kwa kawaida hutembea ndani ya nyumba tu, ilhali wanaovuka mita 0.8 humudu safari za nje. Kipimo hiki ni kizuri, wala sikibezi, lakini mgonjwa anayetazamwa hujikaza, na saa haisemi ni mguu upi uliofanya kazi.

Wengi huongeza kasi kwa kuuegemea mguu mzima, huku ule dhaifu wakiukokota au kuuzungushia nje. Kitazameni kiatu cha mguu huo dhaifu: ncha imelika, kisigino bado kipya. Kihisi kilichofungwa juu kidogo ya kifundo huliona jambo hilo kwa tarakimu, maana ndani yake mna akselerometa inayopima mchapuko na jairoskopu inayopima mzunguko. Mguu ukirushwa mbele mzunguko wa muundi hupanda, unyayo ukigusa sakafu mshtuko hujiandika, na kwa alama hizo, vikifungwa vihisi viwili, tunajua kila mguu umebeba mwili kwa muda gani.

Mahali pa kukifunga si jambo dogo. Vihesabu hatua vya kiunoni mara nyingi huziruka hatua za anayetembea polepole, kwa kuwa mtikisiko wake ni hafifu mno, na hivyo mtu aliyehangaika mchana kutwa huambiwa hakutembea. Hilo linaniuma kila nikilikumbuka.

Hata hivyo, kupima si kutibu. Katika utafiti wa SIRRACT, uliochapishwa mwaka 2015 na kuhusisha nchi 11, wagonjwa walioelezwa kasi yao pamoja na taarifa za shughuli zao zilizotokana na vihisi vya vifundoni hawakuwapita walioelezwa kasi peke yake. Faida ninayoiona mimi iko nyumbani, ambako hakuna mwenye saa: namwomba mgonjwa asikivue kihisi hata anapoamka usiku kwenda chooni, kisha asubuhi tunaziangalia pamoja hatua zile chache za gizani, na mazoezi ya siku hiyo tunayaanzia hapo.