Nani Anaketi Kwenye Bodi ya Pensheni Yako?

ZUHURA: Msikilizaji, karibu. Mimi ni Zuhura, niko na kaka Mosi, na leo tunazungumzia pensheni ya watumishi wa umma: mwalimu, nesi, zimamoto, karani wa masjala. Tunachokatwa kila mwezi wengi tunakijua. Lakini nani anazishika fedha hizo baada ya kukatwa, na nani anaweza kumzuia akikosea? Hapo tunanyamaza. Mosi, ulisema tuanze na namba.

MOSI: Asilimia 82.3, dada Zuhura. Inatoka San Diego, California. Mwaka 1996 mji huo ulielewana na bodi ya mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wake: mji uchangie chini ya kiwango alichokokotoa aktuari, yule mtaalamu wa hesabu za pensheni, na papo hapo mafao ya wafanyakazi yapandishwe.

ZUHURA: Yaani wanatoa pungufu na kuahidi zaidi.

MOSI: Ndiyo. Ila waliweka kizuizi. Mfuko ukibaki na chini ya asilimia 82.3 ya fedha zinazohitajika kulipa mafao yaliyokwisha kuahidiwa, mji utatoa mkupuo wa kuziba pengo. Miaka ya mwanzo soko la hisa lilikuwa zuri, hakuna aliyehangaika na mstari huo. Soko likaanguka. Kufika 2002 mfuko ulikuwa unausogelea. Mji ukarudi kwa bodi: tulegezeeni, tulipe kidogo kidogo. Na mafao yakapandishwa tena.

ZUHURA: Bodi ikakubali?

MOSI: Ikakubali. Sasa tazama waliokuwa wameketi pale. Wengi wao walikuwa wafanyakazi na maofisa wa mji wenyewe, watu ambao pensheni zao zilikuwa zinapanda kutokana na mapatano hayohayo.

ZUHURA: Kesi ya ngedere kapelekewa nyani.

MOSI: Mjumbe mmoja, Diann Shipione, alipinga. Huyu aliteuliwa kutoka nje, kazi yake ilikuwa ushauri wa fedha. Mwaka 2003 mji ulikuwa unajiandaa kuuza hatifungani, yaani kukopa kwa wawekezaji, kwa ajili ya mradi wa majitaka. Mama huyu akakaa akasoma nyaraka za mauzo, akaona maelezo kuhusu pensheni si ya kweli, akawaambia wanasheria. Mauzo yakasimama. Januari 2004 mji ukakiri makosa hadharani, na mwaka 2006 tume ya Marekani inayosimamia masoko ya mitaji ikatoa amri dhidi ya mji kwa kuwapotosha wawekezaji. Wakati huo pengo la mfuko lilikuwa limepita dola bilioni 1.

ZUHURA: Ninachokipenda hapo ni kwamba hakuwa na mamlaka makubwa. Alisoma makabrasha. Basi. Nimekaa kwenye vikao vya kutosha, najua ni wangapi hufungua kabrasha kwa mara ya kwanza wakiwa tayari mezani.

MOSI: Na kuna watu husikia kisa hiki wakasema: ondoeni wafanyakazi kwenye bodi.

ZUHURA: Mimi hilo silikubali kabisa, kaka. Fedha ni zao. Hata ule mchango wa mwajiri ni ujira wao, ila umecheleweshwa miaka thelathini. Ukimtoa mfanyakazi, atakayebaki mezani ni mwajiri, na mwajiri ndiye mdaiwa mkubwa wa mfuko. Hujatibu kitu.

MOSI: Nakubali. Ndiyo maana nataka twende Ontario, Kanada, kwa walimu. Zamani michango yao ilikuwa inakwenda kununua hatifungani za serikali ya jimbo, tena zile zisizouzika sokoni. Kwa maneno mengine, mwalimu alikuwa anamkopesha mwajiri wake, na hakuwa na mahali pengine pa kupeleka fedha zake. Mwaka 1990 ukaundwa mfuko unaojitegemea. Wenye mfuko ni wawili: serikali ya jimbo na shirikisho la walimu. Kila mmoja anateua wajumbe watano wa bodi, na mwenyekiti wanakubaliana pamoja.

ZUHURA: Kumi na mmoja. Lakini tano kwa tano peke yake inaweza kuzaa mvutano tu.

MOSI: Ingezaa, kama bodi ndiyo ingekuwa inapanga mafao. Haipangi. Kiwango cha michango na mafao huamuliwa na wale wenye mfuko wawili. Bodi inawekeza na kusimamia uendeshaji. Mjumbe akishateuliwa, utii wake ni kwa wanachama wote, hata wale wastaafu ambao hajawahi kuonana nao, na si kwa aliyemteua. Na pakitokea upungufu, pande zote mbili zinaubeba. Hakuna upande unaopata faida kwa kujifanya hauoni.

ZUHURA: Hapo San Diego ingepata dawa. Anayetoa ahadi si yule anayetunza sanduku.

MOSI: Na bado haitoshi! Twende Afrika Kusini. Mfuko wa watumishi wa serikali, GEPF, ni miongoni mwa mifuko mikubwa zaidi barani. Bodi ina wadhamini 16, nusu upande wa mwajiri, nusu upande wa wanachama. Kwenye karatasi umekaa vizuri. Ila uwekezaji wenyewe unafanywa na shirika la serikali, PIC. Desemba 2017, PIC ilinunua hisa za kampuni ya AYO kwa randi bilioni 4.3, randi 43 kwa hisa moja. Baadaye ikaundwa tume ya uchunguzi chini ya jaji mstaafu Lex Mpati. Tume ikakuta kwamba fomu ya kununua hisa ilisainiwa kabla kamati husika haijakaa kuidhinisha.

ZUHURA: Ngoja, rudia. Kamati iliketi kujadili kitu kilichokwisha kusainiwa?

MOSI: Kilichokwisha kusainiwa. Na bei ya hisa hizo baadaye ilianguka vibaya.

ZUHURA: Mimi hilo linaniuma kuliko hasara yenyewe. Hasara hutokea, soko ni soko. Lakini ukisaini kwanza ukaitisha kikao baadaye, umewafanya wajumbe kuwa mapambo. Na mwanachama hawezi kuliona hilo kwenye ripoti ya mwaka. Ripoti itasema tu "uwekezaji uliidhinishwa".

MOSI: Ndiyo maana mjumbe wa bodi anatakiwa aulize tarehe. Fomu ya tarehe ngapi, kikao cha tarehe ngapi.

ZUHURA: Tuzungumzie aktuari kidogo, maana pale ndipo maneno yanakuwa magumu na watu wanazima redio.

MOSI: Nitajaribu kwa mfano mmoja. Chukua kwamba mfuko umeahidi kulipa 100 baada ya miaka 25. Leo uweke ngapi pembeni? Inategemea unaamini fedha zitazaa kiasi gani. Ukisema zitazaa asilimia 7 kwa mwaka, unahitaji kama 18 na nusu. Ukisema asilimia 5, unahitaji 29 na nusu hivi.

ZUHURA: Mstaafu ni yuleyule, ahadi ni ileile.

MOSI: Ahadi ileile. Kilichobadilika ni dhana, na mzigo wa leo umepanda kwa zaidi ya nusu. Sasa fikiria mwajiri ambaye bajeti yake imebana. Anatamani dhana ipi?

ZUHURA: Ya asilimia 7. Au 8 akiipata.

MOSI: Ndiyo maana kupanga dhana hiyo si kazi ya wataalamu pekee, ni suala la uongozi. CalPERS, mfuko wa watumishi wa California, Desemba 2016 uliamua kushusha dhana yake kutoka asilimia 7.5 hadi 7, kwa awamu, na mwaka 2021 ikafika 6.8. Kila hatua iliwapandishia miji na wilaya michango, na zililalamika. Bodi ilibidi iwaambie watu jambo wasilotaka kulisikia. Mimi naiheshimu kwa hilo.

ZUHURA: Sasa niseme la nyumbani. Shangazi yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alipokaribia kustaafu akaomba taarifa ya michango. Akakaa nayo mezani, rula mkononi, anashuka mstari kwa mstari, mwezi kwa mwezi. Miezi 14 haipo. Mshahara alikatwa, hati za mshahara zinaonyesha, ila mwajiri hakuwasilisha kwenye mfuko.

MOSI: Na huenda bodi ilikuwa na taarifa ya malimbikizo kila robo mwaka.

ZUHURA: Huenda. Ndiyo maana naona swali la kwanza la mwakilishi wa wanachama kwenye bodi lisiwe "tumewekeza wapi". Liwe "mwajiri gani hajawasilisha, ni miezi mingapi, na tumemfanya nini". Faida ya uwekezaji huwezi kuiamuru. Mchango uliokwisha kukatwa kwenye mshahara wa mtu unaweza kuudai hata mahakamani.

MOSI: Na kwa mwanachama mwenyewe?

ZUHURA: Aombe taarifa yake kila mwaka, asingoje mwaka wa mwisho. Ailinganishe na hati za mshahara. Na uchaguzi wa mwakilishi wa wafanyakazi ukitangazwa, aende. Viti hivyo mara nyingi huchukuliwa na mtu aliyechaguliwa na wachache sana kwa sababu wengine waliona ni mambo ya ofisini. Muulize mgombea: taarifa ya aktuari ya mwisho umeisoma?

MOSI: Shangazi alirudishiwa yote?

ZUHURA: Miezi 11. Ile mitatu, hati zake za mshahara zilipotea alipohama kituo, na mwajiri anasema kumbukumbu hazionekani. Bado anaandika barua. Ya mwisho niliichapa mimi, Jumatatu.