Puto, Kapu na Shosho: Vitabu vya Watoto Vinavyosimulia Ugonjwa wa Kusahau

Walimu, wakutubi na wazazi wenzangu, asanteni kwa kufika hapa Kaloleni.

Mtoto wa darasa la pili anamwona shosho akitia funguo ndani ya sufuria ya sukuma, kisha anamwita mjukuu kwa jina la baba yake. Mtoto anauliza kuna nini. Sisi humjibu kwa tamathali tusiyoipima: shosho amerudi utotoni, akili imehama. Tamathali zina uzito. Kule Kilifi wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Mzee aliyepotea njia akakutwa usiku uani kwa jirani huenda ni mgonjwa tu, lakini akishaitwa mchawi, nani atauliza habari ya hospitali?

Katika The Remember Balloons cha Jessie Oliveros, kilichotoka Marekani mwaka 2018, kumbukumbu ni puto. Babu anazo tele kumshinda mjukuu. Kisha zinaanza kumponyoka, hata ile ya rangi ya fedha waliyokuwa nayo wote wawili, na mvulana anaumia. Uchungu wake haufichwi, na hapo ndipo ninapokipenda kitabu hiki. Baadaye anatambua kwamba hadithi alizosimuliwa zimekuwa puto zake mwenyewe, naye anaanza kumsimulia babu. Mtoto amepata kazi ya kufanya.

Hata hivyo, puto ikishapaa imekwenda. Ugonjwa wa Alzheimer, yaani huu ugonjwa wa kusahau, hauko hivyo. Mapema kabisa huharibu hipokampasi, sehemu ya ubongo inayotunza mambo mapya. Ndiyo maana shosho husahau chai aliyoinywa sasa hivi, na bado akaimba wimbo wa ujana wake ubeti kwa ubeti. Mem Fox wa Australia alilionyesha hili katika kitabu chake cha watoto cha mwaka 1984: mvulana Wilfrid anampelekea Bi Nancy, bibi kizee anayepoteza kumbukumbu, kapu lenye makombe ya baharini, medali na yai lenye joto la kuku. Bi Nancy anashika kimoja kimoja, na mambo ya kale yanamrudia. Kapu hilo nalipenda kuliko puto, maana Bi Nancy bado ana mikono, ana hisia, ana la kusema.

Lakini watoto wadogo hushika maneno jinsi yalivyo. Mtoto anaweza kuamini kapu litaponya, na tiba ya kuponya haijapatikana. Kwa hiyo ukifunga kitabu, mwambie waziwazi: shosho anaumwa ubongo, hukumsababishia wewe, wala hutaambukizwa. Halafu mwache aulize, hata akirudia swali lilelile wiki nzima.