Palipo na Mshipa Juu ya Mfupa

Shikamooni wazee wangu, na nyinyi wanafunzi habari za mchana. Kabla sijasema lolote juu ya mada yetu ya leo, mahali pa kubonyeza, kila mmoja ageuze kiganja cha kushoto kitazame juu. Kwa mkono wa kulia, chukua kidole cha shahada na cha kati, uviweke kwenye kifundo, upande wa gumba. Gumba lenyewe msilitumie kupimia, lina mapigo yake na litawadanganya. Bonyezeni taratibu. Mmeyapata? Bwana wa nyuma anatikisa kichwa. Usihofu, ungali hai, sogeza vidole kidogo kuelekea nje.

Sasa nawauliza, kwa nini hapo? Damu inazunguka mwili mzima, mbona hatupimi tumboni? Jibu ni mfupa. Hapo ateri, yaani mshipa unaotoa damu moyoni, imepanda hadi chini ya ngozi, na nyuma yake kuna mfupa. Ukibonyeza penye nyama nene, nyama inabonyea na mshipa unakukimbia. Hapo kwenye kifundo hauna pa kukimbilia. Kwa hiyo ukitaka kumbana mtu sawasawa, nguvu nyingi si kitu. Tafuta kitu cha uhai kilichopita karibu na nje, nyuma yake pakiwa pagumu.

Nilipokuwa nasomea uuguzi tulizikariri sehemu hizi: ndani ya mkono wa juu, kwenye kinena, na kadhalika, ili damu ikimwagika tuibane njiani kabla haijafika kwenye jeraha. Siku hizi mafunzo ya huduma ya kwanza yanaanza na jeraha lenyewe: weka kitambaa safi, kandamiza kwa nguvu, na usiachie kila mara ili uchungulie. Shingoni ni habari nyingine. Usibonyeze pande zote mbili kwa pamoja, hata kwa mzaha, maana damu ya ubongo inapita hapo, na pana vihisio vinavyoweza kuupunguza mwendo wa moyo.

Na kiwiko je? Nani hajawahi kukigonga kwenye mlango akahisi umeme mpaka kidole cha mwisho? Hapo mfupa unasingiziwa bure. Ni neva, imepita nyuma ya kiwiko karibu bila kifuniko. Wazee wangesema tu "mshipa", na sina ugomvi nao. Kiswahili kimelibebesha neno hilo mizigo mingi: njia ya damu ni mshipa, neva ni mshipa wa fahamu, ngiri nayo watu huiita mshipa, na asiyeona haya tunasema mshipa wa aibu umekatika. Huo wa mwisho sijawahi kuuona kwenye mchoro wowote wa mwili.

Wachina nao wana ramani yao ya siku nyingi ya sehemu za kubonyeza mwilini. Pale juu ya kifundo, vidole vitatu kutoka kwenye mkunjo, katikati ya kano mbili, wanapabonyeza kutuliza kichefuchefu. Tafiti za wagonjwa waliotoka kwenye operesheni zimeona panasaidia kiasi. Mengine mengi yanayodaiwa juu ya ramani hiyo nayaacha kwa wenyewe.

Turudi nyumbani. Neno letu shinikizo, kabla halijafika hospitali na bungeni, lilikuwa mtambo wa kukamulia mafuta au maji ya miwa. Unguja na Lamu ngamia alifungwa macho akazunguka kinu siku nzima, ufuta ukatoa uto. Kwa hiyo anayesema "serikali imeshinikizwa", ajue au asijue, anazungumzia mbegu iliyomo kinuni.

Mfano wangu wa serikali kushinikizwa ni karafuu. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni Zanzibar ilitunga sheria zilizokipa Chama cha Wakulima wa Karafuu mamlaka makubwa juu ya ununuzi. Wafanyabiashara wa Kihindi wakaona wanafukuzwa sokoni. Mwaka 1937, chama cha Congress kule India kikawataka watu wasuse karafuu ya Zanzibar. Hakuna aliyerusha jiwe. Mama wa Bombay alipika chakula chake bila karafuu, basi. Lakini angalieni walipobonyeza: visiwa vilivyoishi kwa zao moja, zao linalopita bandarini kila mtu akiliona, na India mnunuzi mkubwa ambaye huwezi kumpata mwingine kama yeye kwa wiki moja. Mwaka 1938 wakubwa wakakaa, wakapatana, na wafanyabiashara wakarudi kwenye biashara. Jambo moja huwa linanikera ninaposimulia kisa hiki. Kidole kililenga serikali, ila mchumaji aliyekuwa juu ya mkarafuu naye aliumia, na wala hakuitwa kwenye mazungumzo.

Miaka tisa baadaye, Januari 1947, Mombasa, maelfu ya wafanyakazi waligoma, wale wa bandarini wakiwa mstari wa mbele. Shehena za Kenya na Uganda zilikuwa zikipita Kilindini, kwa hiyo mkono uliozoea kubeba magunia ulikuwa umelala juu ya ateri kuu ya nchi mbili. Baadaye shauri likapelekwa kwa wasuluhishi na mishahara ikapanda.

Majumbani hamhitaji historia. Mke anajua neno gani litamtonesha mumewe, mume vilevile, na watoto ndio mabingwa. Anayekushika pabaya ni aliyekaa nawe karibu hadi akajua mfupa uko wapi.

Sasa tazameni mezani. Hizi mashine mbili za presha ni za mkono. Nitajaza upepo mpaka mapigo yapotee kabisa, wala wakati huo sisomi kitu. Nasoma ninapoachia polepole: mlio wa kwanza ndiyo namba ya juu, unapopotea ndiyo ya chini. Waliokimbia kuwahi mhadhara wapumzike dakika tano kwanza. Wengine kunjeni mikono ya mashati, tuanze na wazee.