Mama ameuliza mbona mjukuu wake hashiki mpira: jibu lake kutoka Philadelphia

Hamjambo jamani, karibuni. Mwenzenu nimetoka zamu ya usiku sasa hivi, nimekaa ndani ya gari, maegesho ya kazini. Kwa wageni wa hapa, mimi ni mtu wa Muheza, naishi Upper Darby, nje kidogo ya jiji la Philadelphia. Mwanga hautoshi, mtanivumilia. Nikifika nyumbani nitalala, na hii video nimemwahidi mama yangu tangu wiki iliyopita.

Iko hivi. Nilituma kwenye grupu la familia kipande cha mechi ya kijana wangu. Ana miaka 16, anacheza mpira wa Kimarekani shuleni kwao, ule wa helmeti na mpira uliochongoka huku na huku. Haikupita nusu saa, mama akanitumia sauti. Anasema, "Mwanangu, nimemtazama mjukuu wangu mwanzo mpaka mwisho. Mbona hashiki mpira? Wanamnyima?" Na sauti ilikuwa ya uchungu, maana alidhani mtoto anatengwa huku ugenini. Mjomba naye akaandika kwamba kama hawampi mpira, bora arudi kwenye soka, hata beki wa kati hupata kupiga kichwa.

Shikamoo Mama. Shikamoo Mjomba. Hawamnyimi. Kazi yake ndiyo hiyo. Kwa nafasi anayocheza na namba aliyovaa, kanuni zenyewe hazimruhusu kupokea pasi ya mbele.

Timu inaingiza watu 11. Wenye mpira wana majaribio manne ya kusogea mbele yadi 10, kama mita tisa hivi. Wakifanikiwa wanapewa mengine manne, na wanaendelea hivyo kuelekea mwisho wa uwanja. Sasa kati ya wale 11, watano husimama mbele wamejipanga bega kwa bega. Wa katikati ni senta. Yeye huugusa mpira kwa nukta moja tu, akaupitisha katikati ya miguu yake kumpa kwotabeki, mrushaji wao, aliye nyuma. Ubavuni mwake kuna gadi wawili, kushoto na kulia. Halafu kuna walinzi wawili wa pembeni, mmoja kila mwisho wa mstari. Mtoto wetu ni wa pembeni kushoto, namba 74.

Na kushoto pale pana mambo yake. Kwotabeki wengi hurusha kwa mkono wa kulia. Ukijiandaa kurusha kwa kulia, mgongo wako unabaki upande wa kushoto. Mtu wa kilo mia na ishirini akitokea kushoto anakuja kukuangusha, wewe humwoni kabisa, mpaka umeshalala chini. Anayemwona ni mmoja, yule mlinzi wa pembeni. Kwa hiyo, Mama, mjukuu wako analinda mgongo wa mwenzake. Mwenzake akirusha mpira, watu wakashangilia, ujue kuna mtu alizuiwa asifike.

Mama, wewe umepika shughuli ngapi pale mtaani? Masufuria matatu ya pilau, umeamka saa tisa usiku, moshi umekuingia machoni. Watu wakala, wakamsifu bibi harusi, wakasifu turubai na kamati. Nani aliuliza jina la mpishi? Lakini siku ile wali ulipoungua, Muheza nzima ilijua nani alikuwa jikoni. Walinzi wa mstari wanaishi hivyo. Ukiwa mzuri dakika zote, mtangazaji halitaji jina lako. Ukimshika mpinzani vibaya, mwamuzi anarusha kitambaa cha njano, anawasha kipaza sauti na kutaja namba yako mbele ya uwanja mzima, timu yako inarudishwa yadi 10. Ukijitikisa kabla mpira haujaanza, yadi tano.

Sasa nataka mumjue mtu mmoja anaitwa Jordan Mailata. Hapa Philadelphia tunaye, timu ya Eagles, mlinzi wa pembeni kushoto, nafasi ileile ya kijana wangu. Mwanangu ana picha yake ukutani, na mimi nilipoanza kuisoma historia yake sikuweza kuiacha.

Mailata alizaliwa Sydney, Australia, mwaka 1997, wazazi wake wana asili ya Samoa. Alikuwa anacheza raga, timu ya vijana wa chini ya miaka 20 ya South Sydney Rabbitohs. Ana urefu wa mita mbili na sentimita tatu, uzito unapita kilo 160, na anakimbia. Video zake za kuwapitia watu kama lori lililokatika breki zikazunguka, zikafika Marekani. Ligi ya NFL, ile kuu ya mpira huu, ina programu ya kuwaandaa wachezaji wa kimataifa, wakampeleka Florida mwanzoni mwa 2018. Alikuwa hajawahi kucheza hata mechi moja ya huu mpira. Hata moja, jamani. Miezi michache baadaye, kwenye drafti, ile siku timu zinachagua vijana kwa zamu, Eagles wakamchukua raundi ya saba, ambayo ndiyo ya mwisho, mtu wa 233.

Na hapa ndipo watu husimulia haraka haraka, atoke raga, awe milionea. Haikuwa hivyo. Misimu miwili kamili, 2018 na 2019, hakucheza mechi ya ligi hata moja. Mgongo ulimsumbua, akawekwa kwenye orodha ya majeruhi. Mtu mzima, mbali na kwao, anafundishwa kusimama! Maana hii kazi inaanzia kwenye kusimama. Kwenye raga ulikuwa ukimbie na mpira umgonge mtu. Huku unarudi kinyumenyume, magoti yamekunjwa, mgongo umenyooka, macho mbele, na mikono inangoja. Mikono ikitoka mapema mpinzani anaipiga inashuka, anapita. Ikichelewa, ameshakufika kifuani. Ikitua nje ya mabega ukashika, kitambaa cha njano kile.

Naijua hii kwa sababu naiona jikoni kwangu. Nikitoka kazini asubuhi namkuta mtoto anarudi nyuma kutoka friji mpaka mlangoni, hatua fupi fupi, viatu vinachakacha kwenye vigae, anarudi tena friji. Mara hamsini. Mwanzoni nilimgombeza. Siku hizi nakaa na chai yangu namhesabia.

Aliyemfundisha Mailata ni kocha Jeff Stoutland, alikuja Eagles mwaka 2013. Kwenye matangazo ya televisheni hapa, wachezaji hujitambulisha kwa jina na chuo kikuu walichosoma, maana karibu wote wametokea vyuoni. Mailata hakupita chuo chochote. Zamu yake ilipofika akataja jina lake, kisha akasema ametoka Chuo Kikuu cha Jeff Stoutland. Mimi nilivyosikia vile machozi yalinilenga. Mtu amempa mwalimu wake heshima mbele ya nchi nzima. Na sisi tuliofundishwa ufundi na mtu, cherehani, mapishi, hata kumgeuza mgonjwa kitandani asipate vidonda, tunajua deni lile.

Oktoba 2020 akaanza mechi yake ya kwanza, dhidi ya San Francisco. Mwaka uliofuata akashinda nafasi moja kwa moja, akasaini mkataba wa miaka minne wa dola milioni 64. Mwaka 2024 akaongezewa mitatu kwa milioni 66. Ndugu zangu mlioanza kupiga hesabu ya shilingi, ngojeni. Mikataba ya ligi hii mara nyingi haina dhamana yote. Sehemu imeandikwa ya uhakika, sehemu nyingine timu inaweza kukuacha usiione. Na wa raundi ya saba wengi hawafiki mkataba wa pili kabisa.

Kwenye mstari wake kwa miaka ile alikuwepo senta Jason Kelce, naye historia yake siichoki. Chuoni Cincinnati aliingia timuni bila udhamini wa masomo, akachaguliwa wa 191 mwaka 2011, akakaa Eagles misimu 13. Mechi 156 za ligi alianza mfululizo bila kukosa. Siku anaaga, Machi 2024, alilia mbele ya kamera mpaka maneno yakagoma. Jibaba lile lenye ndevu. Wanaume wa nyumbani mnaosema kulia ni udhaifu, itafuteni.

Halafu ukaja msimu wa 2024 na mkimbiaji wao Saquon Barkley. Alikimbia yadi 2,005 msimu mmoja, zaidi ya mita 1,800, na katika historia nzima ya ligi waliofika 2,000 kabla yake walikuwa wanane tu. Mimi siku hizi nikitazama mbio zake simtazami yeye. Naangalia wale watano mbele yake, namna mmoja anavyomsukuma mtu kushoto, mwenzake anavyomfunga mwingine, na uchochoro unafunguka, Saquon anapita kama mtu aliyefunguliwa geti. Februari 9, 2025, New Orleans, Eagles wakachukua Super Bowl, ile fainali ya ligi, 40 kwa 22 dhidi ya Kansas City. Siku tano baadaye ikawa sherehe barabarani. Mimi na mwanangu tulisimama Broad Street kwenye baridi tangu alfajiri, basi la walinzi wa mstari lilipopita kijana alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka siku mbili.

Sasa Mama, hili nalisema taratibu, maana najua wewe ndilo unaloliwazia.

Huu mchezo unaumiza kichwa. Simaanishi siku moja ya kugongwa vibaya. Walinzi wa mstari hugongana kila mpira unapoanza, wanakutana kwa karibu sana, mara nyingi mno kwa mechi, na mazoezini pia. Alikuwepo senta wa Pittsburgh Steelers, Mike Webster. Alicheza ligi hii kuanzia 1974 mpaka 1990, akachukua Super Bowl nne, watu walimwona chuma. Baada ya kustaafu akili ikaanza kumpotea, maisha yakamharibikia, akafa mwaka 2002 akiwa na miaka 50. Daktari aliyeupima ubongo wake alikuwa Mnaijeria, Bennet Omalu, kijana aliyekuja kufanya kazi Pittsburgh. Kwa macho ubongo ulionekana mzima. Hakuridhika, akaukata vipande vyembamba akavitazama kwa darubini, akakuta uharibifu ambao hakuna aliyewahi kuuonyesha kwa mchezaji wa ligi hii. Mwaka 2005 akauchapisha. Madaktari wa ligi walimpinga vikali, wakataka makala yake iondolewe. Hakuiondoa.

Mwafrika mwenzetu, Mama, ndiye aliyewafumbua macho. Mwaka 2023 Chuo Kikuu cha Boston kikatangaza kwamba katika ubongo wa wachezaji wa zamani wa NFL 376 waliochunguzwa, 345 ulikutwa na ugonjwa ule alioukuta Omalu. Wenyewe wanaeleza kwamba familia nyingi hutoa ubongo wa ndugu yao kwa sababu tayari walimwona anaumwa, kwa hiyo hesabu hiyo haiwezi kusemwa kuwa ya wachezaji wote. Lakini mimi ni mama. Niliposoma 345 niliweka simu chini.

Fomu ya ruhusa ilikaa juu ya friji siku kumi na moja. Nilizungumza na kocha, nikamuuliza wanagongana kwa nguvu siku ngapi kwa wiki. Hapa Pennsylvania sheria inasema mtoto akionyesha dalili za kutikisika ubongo anatolewa hapohapo, harudi uwanjani mpaka mtaalamu wa afya aandike kwamba amepona. Nilimkalisha kijana, nikamwambia, ukiniambia uko sawa na hauko sawa, umenidanganya mimi mama yako, na mchezo umeisha siku hiyo. Akakubali. Nikasaini. Sijui kama nimefanya sawa, Mama, na kila Ijumaa nakaa pale nimeshika tasbihi yako.

Kuna mdogo wangu mmoja ameandika kwenye maoni, kwamba je, na sisi wa Afrika Mashariki tunaweza kufika NFL? Alishafika Mkenya, Daniel Adongo, mchezaji wa raga kama Mailata, Indianapolis Colts walimsajili 2013. Yeye hakuwa mlinzi wa mstari, alikuwa upande wa kuwazuia wenye mpira. Kwa hiyo njia ya raga ipo, vijana wa Nairobi na wa Kampala mnaocheza raga msiidharau. Ila mjue mnakuja kuanza upya kama mtoto wa darasa la kwanza.

Haya, usingizi umeanza kunivuta. Ijumaa hii wanacheza nyumbani, saa moja jioni ya hapa, kwenu itakuwa saa nane usiku wa kuamkia Jumamosi. Mama, usikeshe, nitarekodi nikutumie asubuhi. Safari hii sitaufuata mpira na kamera, nitamrekodi yeye. Ukiifungua, mwangalie wa mwisho kabisa kushoto, 74, amekunja magoti. Halafu angalia nyuma yake kama yule mwenye mpira bado amesimama.