Laifujaketi Ziko, Ila Utazifikia?

NURU: Asalaam aleikum wasikilizaji wetu, karibuni tena, tuko hapa hapa Lamu mjini, punda wakilia huko nje mtusamehe. Ami Shee, shikamoo.

AMI SHEE: Marahaba mwanangu. Leo naona uso umeukunja.

NURU: Nimekereka, Ami. Juzi nilipanda boti ya matembezi na wageni, kuangalia jua likitua upande wa Manda, nikamuuliza kijana laifujaketi ziko wapi, akanionyesha kwa kidole tu. Ziko omo, mbele kabisa ya chombo, chini ya ubao, zimefungwa kamba bunda moja, juu yake nanga, na juu ya nanga kikapu cha sambusa.

AMI SHEE: (anacheka) Sambusa lakini zilifikika.

NURU: Zilifikika haraka sana!

AMI SHEE: Ndo hapo sasa. Yule kijana hajadanganya, anazo. Mkaguzi akija kesho atahesabu, abiria kadhaa na laifujaketi kadhaa, za watoto, boya la kurusha, mtungi wa kuzimia moto, nanga na amari yake, yaani kamba yake, taa, upo wa kufulia ngama, yale maji yanayojikusanya chini ndani ya chombo, kila kitu kipo, basi. Lakini chombo kikilala hata dakika hupati, na wewe una kazi ya kuondoa sambusa, uondoe nanga, ufungue fundo la kamba iliyoroa.

NURU: Kwa wale wapya kwenye hii biashara ya matembezi, mkaguzi ni nani?

AMI SHEE: KMA, Mamlaka ya Bahari ya Kenya. Kuna sheria ya meli ya 2009, na usidhani ni ya meli kubwa za Mombasa pekee, vyombo vidogo navyo vimo. Chombo kisajiliwe, kikaguliwe, kipewe cheti, na nahodha naye awe na leseni yake mwenyewe. Halafu kuanzia 2018 tuna walinzi wa pwani, wale wanaweza kukusimamisha baharini wakakwambia lete karatasi. Sasa wako watu, sitaji mtu, siku ya ukaguzi laifujaketi zinazunguka, zimetoka chombo hiki zimeenda kile, jioni zimerudi kwa mwenyewe.

NURU: Tunawajua.

AMI SHEE: Unamuibia nani hapo? Mkaguzi anarudi zake nyumbani analala, wewe ndo utabeba watoto wa watu kesho asubuhi.

NURU: Haya tuingie kwenye laifujaketi zenyewe, maana mimi naona zote rangi ya chungwa nadhani ni moja.

AMI SHEE: Si moja hata kidogo. Soma ndani pale kwenye kitambaa cha maandishi, utaona namba na herufi N, yaani nyutoni, nguvu ya kukuelesha. 50 hiyo ni ya mtu anayejua kuogelea na msaada uko karibu, haitakugeuza. 100 ni ya maji yaliyotulia. 150 ndo ya bahari ya nje, imetengenezwa ikugeuze uso uangalie juu hata kama umezimia. Sasa mtu anakwenda mpaka kisiwa cha Kiwayu na wageni amewavalisha 50 kwa sababu ni nyembamba, zinatoka vizuri kwenye picha!

NURU: Na lile jua letu linazifanyaje?

AMI SHEE: Linazila. Chukua laifujaketi iliyokaa juani miaka, rangi imepauka imekuwa kama maziwa, ikune kitambaa kwa ukucha. Kikichanika, tupa. Vuta mikanda kwa nguvu zako zote, angalia uzi wa mshono, bana lile sponji ndani, likibaki limebonyea halirudi basi limekufa. Na filimbi iwepo. Ile filimbi watu wanaikata wanawapa watoto wachezee, wakati usiku sauti yako inakauka upesi na filimbi bado inalia.

NURU: Hapa nina swali la akina mama wenzangu. Tunavaa buibui, laifujaketi inakwenda wapi?

AMI SHEE: Juu. Juu kabisa ya buibui, kamwe isiwe ndani, na ufunge vifungo vyote. Ukiivaa ndani haikukai, na ukitaka kuivua au mtu akitaka kukushika ile mikanda ya bega akuvute haipati. Mtoto naye si kumpa ya mtu mzima ukasema atakua, atachomoka chini kama samaki. Ya mtoto inapimwa kwa kilo, na iwe na ule mkanda wa kupita katikati ya miguu. Mnyanyue kwa mabega ya ile jaketi kabla hamjaondoka gatini, ikipanda ikafika masikioni, haimtoshi.

NURU: Moto je? Maana boti nyingi sasa ni za mashine.

AMI SHEE: Eeh, moto huo watu wanaudharau kwa sababu eti maji yamewazunguka. Petroli inaelea juu ya maji, ukiimwagia maji unautembeza moto. Na mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unashuka unatulia chini kule kwenye ngama huuoni, halafu mtu anawasha mashine, au sigara. Fungua vifuniko, acha upepo upite, nusa, kisha ndo uwashe. Mtungi wa kuzimia moto ukiwa ule wa unga, sindano ya kipimo chake iwe kwenye kijani, lakini sindano pekee haitoshi, boti inatikisika kila siku na unga unajikandamiza chini, kwa hiyo mara moja moja uushushe uupindue utikise. Na usiutundike pale pale kwenye mashine, moto ukianzia hapo utaufikaje?

NURU: Tena yale yale ya sambusa.

AMI SHEE: Yale yale!

NURU: Na fleya, ile mienge ya kuombea msaada?

AMI SHEE: Zina tarehe, nyingi ni miaka 3 hivi toka zitengenezwe, ikipita usiiamini. Ya mkononi nyekundu inawaka kama dakika moja tu, kwa hiyo usiiwashe kwa hasira, subiri uone chombo au ndege. Ishikilie nje ya chombo upande wa demani, kule upepo unakoelekea, la sivyo cheche zinakurudia wewe na tanga lako. Na redio ya VHF, ile ya vyombo vya baharini, chaneli 16, "Mayday", wito wa hatari, mara tatu, jina la chombo mara tatu, uko wapi, kumetokea nini, mko wangapi. Simu ni nzuri, itie kwenye mfuko usioingia maji, ila ukipita kisiwa cha Pate kwenda juu, kaskazini, usiitegemee sana.

NURU: Tuna ujumbe wa nahodha kijana, anasema wageni wakiambiwa wavae wanakasirika, wamelipa wapigwe upepo, sa afanyeje?

AMI SHEE: Awaambie kabla hawajalipa. Kwenye mkondo hapa ndani, mchana, maji yametulia, mimi nitakubali mtu mzima anayeogelea aiweke mapajani, mapajani nimesema, si omo. Lakini mtoto amevaa toka gatini. Na ukitoka mlango wa Shela wakati wa kusi, mwezi wa sita wa saba, lile wimbi la nje likikukuta na maji yanatoka, pale kila mtu amevaa, asiyetaka ateremke.

NURU: Hata kama ni mteja wa bei kubwa?

AMI SHEE: Huyo ndo ateremke kwanza, maana huyo ndo hataki kukaa chini ukimwambia kaa.

NURU: (anacheka) Haya wasikilizaji, maswali yenu tutumieni, wiki ijayo tutazungumza taa za usiku, Ami ana kisa na wale wanaotembea na tochi ya simu.

AMI SHEE: Kisa? Ninayo matusi.