Tusiombe Ada kwa Jina la Mwanafunzi Asiyekuwepo

Mheshimiwa mwenyekiti, ndugu zangu wa ofisi za wahitimu na uchangishaji, habari za asubuhi. Akili mnemba ni nini sitaeleza. Nyote mnayo kwenye simu zenu. Nimekuja na lile lile ninalolisema kila nikipewa kipaza sauti: tusichangishe fedha kwa jina la mwanafunzi ambaye hayupo.

Niliwahi kuletewa rasimu ya barua ya kuomba michango ya ada, iliyoandikwa kwa akili mnemba, ya chuo ambacho sitakitaja. Ilimhusu binti wa Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria. Mama yake anaanika dagaa, baba alishafariki, ada imewashinda. Kiswahili safi kabisa. Katikati ikasema kwamba usiku wa mbalamwezi mama husimama ufukweni kusubiri mitumbwi ya dagaa irudi. Nikamuuliza kijana aliyeileta, mchapakazi kweli: dagaa wa mbalamwezi wanavuliwa na nani? Hapa ziwani hata mtoto anajua dagaa huvuliwa gizani, kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa haziwavuti, wavuvi wanapumzika, wanashona nyavu. Nikauliza tena: huyu binti yuko mwaka wa ngapi? Akanijibu, “Mama, huyo ni wa mfano tu.”

Wa mfano! Na barua ilikuwa inakwenda kwa wahitimu ambao baadhi yao wametoka Nansio, huko huko Ukerewe, wamesomeshwa kwa dagaa hao hao. Mtu wa namna hiyo akifika kwenye ule mwezi, anajua papo hapo kwamba anaombwa hela kwa kisa cha kutunga. Atawaamini tena lini?

Mashine haikukusudia kudanganya. Kazi yake ni kupanga maneno yanayoelekea kufuatana, kutokana na maandishi mengi mno iliyofunzwa nayo. Ziwa, usiku, mama anayesubiri: mwezi unajileta wenyewe. Ukiiomba kisa bila kuipa mwanafunzi, itakutungia mwanafunzi. Wa kuuliza yuko wapi ni wewe unayetia saini.

Najua mtasema, “Lakini wanafunzi wa hali hiyo wapo wengi.” Wapo! Basi nendeni mkamtafute mmoja. Mtasema ofisi ina watu wawili na muda hamna. Nusu saa mnayo. Ila mwanafunzi huyo azungumze na mtu asiyeshika hesabu za ada yake, maana mwenye deni hawezi kumkatalia mhasibu. Akubali kwa maandishi, aisome barua kabla haijatumwa, na akisema habari za baba yangu ziondoeni, ziondolewe bila kubishana. Hapo ndipo mashine iitwe, jina la mwanafunzi likiwa limefichwa: inyooshe sentensi, ifupishe, itafsiri kwa mfadhili wa Ujerumani. Kwa kazi hiyo sina ugomvi nayo.

Na rambirambi je? Februari 2023, baada ya wanafunzi watatu kuuawa kwa risasi Michigan State University huko Marekani, ofisi moja ya Vanderbilt University iliwatumia wanafunzi wake ujumbe wa kuwafariji, na chini ikaandika kwamba umetokana na ChatGPT, programu ya akili mnemba. Wanafunzi walikasirika, chuo kikaomba radhi. Angalieni, wale hawakuficha kitu, na bado iliuma. Mhisani wenu akifiwa, mpigieni simu.

Mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo haraka haraka. Orodha za wahitimu, namba zao za simu, nani alitoa kiasi gani: msizibandike kwenye programu hizi za akili mnemba. Sheria yetu ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika tangu Mei 2023, na ina masharti ya kupeleka taarifa nje ya nchi. Mwoneni mwanasheria wa chuo mapema, msingoje malalamiko. Picha za wanafunzi zilizotengenezwa na mashine, hapana kabisa. Maandiko ya miradi tutayagusa kwenye maswali. Waliokuja na rasimu za barua wazitoe sasa, na tuanze na yenye kisa cha mwanafunzi.